Bung'eda na kitenzi kusimika

Nguzo ya umeme husimikwa. Mtambo wa maji husimikwa, mnara wa simu husimikwa, na siku askofu mpya anapokalishwa kwenye kiti chake gazeti huandika kwamba amesimikwa. Machifu nao walisimikwa, na wanaofufua uchifu siku hizi bado wanasema hivyo. Kitenzi kimoja kinabeba chuma na heshima kwa pamoja: kukifanya kitu kisimame wima, mahali pake, mbele ya watu watakaoshuhudia kuwa kimesimama. Nimekipenda kitenzi hiki tangu zamani, na kwa muda huohuo nimeshangaa kuona watu wa sanaa wakikipita kana kwamba hawakioni.

Nawataja watu wa sanaa kwa sababu ndio wenye shida ya neno. Katika miongo ya karibuni makumbusho ya sanaa ya kisasa yametoka nje ya kuta zake. Kazi zimekuwa kubwa mno kuingia mlangoni, na nyingine zimetengenezwa makusudi ili mvua izinyeshee na jua lizichome. Wangechi Mutu, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1972, alionyesha mwaka 2022 kazi yake ya shaba iitwayo In Two Canoe huko Storm King, makumbusho ya wazi yenye ekari 500 hivi za nyasi na vilima katika jimbo la New York. Viumbe wawili, nusu watu nusu mimea, wamo ndani ya mtumbwi. Kule Qatar, katika jangwa la Zekreet, Richard Serra alisimika mwaka 2014 mabamba manne ya chuma, kila moja na kimo cha zaidi ya mita 14, yakapangwa mstari mmoja unaopita kilomita moja. Mtu hutembea kutoka bamba hadi bamba, na kutembea kwake ni sehemu ya kazi yenyewe.

Nimeandika kwamba Serra alisimika, na sikulitafuta neno, lilikuja lenyewe. Lakini fungua maandishi yetu kuhusu sanaa ya aina hii uone tunavyohangaika. Mmoja ataandika usakinishaji, mwingine usanikishaji, na wote wawili wamelitoa neno kwenye kompyuta. Sakinisha limetoka kwenye sakini, yaani kukaa mahali, ndugu yake maskani. Wataalamu wa kompyuta walilichukua kwa ajili ya kuiweka programu ndani ya mashine ili ikae humo. Kwa programu linafaa sana. Sanikisha limezaliwa pembeni yake, na sasa mhariri akikutana na haya mawili hana wa kumwambia lipi ni lipi. Kwa bamba la chuma lenye urefu wa mnazi, lililosimama mchangani pasipo kitu kingine cha wima hadi upeo wa macho, yote mawili hayatoshi. Bamba lile halijakaa. Limesimama.

Tulilo nalo tangu zamani ni sanamu, na hili ni neno lenye historia ndefu mgongoni. Lilitoka Kiarabu likiwa na maana ya kitu kinachoabudiwa, na harufu hiyo haijalitoka: msikitini na kanisani bado linasikika katika karipio la kuabudu sanamu. Pwani lilipanuka likawa pia picha, hata michoro ya kitabuni ikaitwa sanamu. Ndiyo maana wazee wetu walisema kitabu chenye sanamu wakimaanisha kitabu chenye picha. Kisha likaja kukubali umbo lililochongwa au kumiminwa, la mtu au mnyama. Katika safari hiyo yote sharti moja halikubadilika. Sanamu ni mfano wa kitu. Lazima liwe sanamu la fulani. Bamba la Serra si mfano wa chochote, na hapo sanamu linaishiwa nguvu.

Hata hivyo lina somo moja la sarufi ambalo wapenda maneno hawapaswi kulipita. Sikiliza watu wanavyosema. Kitu kidogo cha mezani huitwa sanamu hii, sanamu zile. Kikishakuwa kikubwa, kikisimama uwanjani, ulimi wa wengi huhama bila kuambiwa: sanamu hili, masanamu yale. Ngeli imebadilika kwa sababu kimo kimebadilika, kama nyumba inavyokuwa jumba na mtu anavyokuwa jitu. Kiswahili kimekuwa na njia yake ya kutaja ukubwa wa kutisha au wa kustahiwa siku nyingi sana, nayo imo ndani ya viambishi vyake. Mtu anayetuambia lugha yetu haina namna ya kuzungumzia kazi kubwa za sanaa hajaisikiliza.

Kinyago ni jirani, lakini kina udogo wake. Kimezoea kushikwa mkononi, kuvaliwa usoni, kuuzwa barabarani. Methali inayosema kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi inategemea udogo huo: mchongaji anakijua tangu kilipokuwa gogo. Wamakonde wamechonga mipingo mirefu kuliko mtu, miili ikipandana juu ya miili, na hata wao wakiulizwa watasema kwanza jina la mtindo, ujamaa au shetani, kabla ya kusema kinyago.

Mnara nao ni neno la mahali pa mwanga au moto, la msikiti na la pwani yenye taa ya meli. Tukalipa kazi ya kumbukumbu. Pale katikati ya Dar es Salaam yupo askari wa shaba, bunduki yenye singe mbele yake, ameelekea bandarini tangu mwaka 1927. Alichongwa na James Alexander Stevenson kuwakumbuka askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Watu wanaita Mnara wa Askari, au Sanamu la Askari, au Askari tu. Kampala, mwaka 1962, Gregory Maloba, mchongaji Mkenya, alimsimamisha mama aliyefungwa vitambaa mwilini huku akimwinua mtoto juu, na ule ni Mnara wa Uhuru. Yote haya yanapanda juu, na mnara unayatosha.

Lakini nenda Mkunazini, Unguja, kwenye uwanja wa Kanisa Kuu la Anglikana, mahali palipokuwa soko la watumwa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 msanii Clara Sörnäs wa Uswidi aliweka pale watu wa zege ndani ya shimo, wakiwa na minyororo shingoni. Huinui uso kuwatazama, unauinamisha. Nani ataita hii mnara? Mnara uliochimbiwa chini haupo katika Kiswahili. Sanamu wamo, ndiyo, lakini kazi yenyewe ni shimo, ukingo wa shimo, minyororo, na wewe uliyesimama juu ya ardhi ileile ukitazama chini. Kinachotakiwa ni jina la mpangilio wote. Nikiwa mwandishi wa kibao cha maelezo pale, ningependa kuandika kwamba Sörnäs alisimika watu watano, na kwamba hili ni simiko.

Simiko. Nalitoa rasmi. Sikulibuni kutoka hewani, kwa sababu Kiswahili huzaa nomino za namna hii kila siku: andika huzaa andiko, pamba huzaa pambo, funza huzaa funzo. Simika izae simiko, wingi masimiko. Tayari tuna usimikaji, neno la mafundi na la wizara, linalotaja shughuli. Simiko litaje kilichobaki baada ya shughuli. Tena litaingia moja kwa moja kwenye ile ngeli ya vitu vikubwa: simiko hili, masimiko haya.

Sasa niseme kwa nini makala hii imewekwa Manyara na haikubaki kwenye makumbusho ya Dar es Salaam au New York.

Katika nyanda zilizo chini ya Mlima Hanang, wenye kimo cha zaidi ya mita 3,400, Wadatoga, na hasa tawi lao kubwa la Wabarabaig, wana desturi ya kumjengea mzee anayeheshimiwa kaburi linaloitwa bung'eda. Si kila mtu hujengewa. Marehemu huzikwa, na juu yake udongo huanza kupandishwa. Haupandishwi kwa siku moja. George Klima, mwanaanthropolojia wa Kimarekani aliyeishi na Wabarabaig na kuchapisha kitabu kuwahusu mwaka 1970, alieleza mazishi yanayochukua miezi tisa hivi, udongo ukiongezwa kwa awamu na sherehe zake, mpaka tuta limzidi kimo mtu aliyesimama. Siku ya mwisho hukusanyika watu wa koo na majirani kutoka mbali, pombe ya asali hunywewa, na mjengewa anakuwa amemaliza safari ya kuwa mhenga. Baada ya hapo bung'eda huachwa. Mvua inalipunguza, nyasi zinaota, miti inaota. Ukoo unajua lilipo, na watoto wa watoto hurudi hapo kuzungumza na mzee wao.

Angalia kilichomo humo. Kuna kimo. Kuna mahali palipochaguliwa. Kuna kazi ya mikono ya watu wengi kwa miezi, na hadhira inayohesabika kuwa sehemu ya tukio, maana bung'eda bila mkusanyiko halijakamilika. Kuna pia kukubali kwamba hali ya hewa itaendelea kulichonga baada ya wajenzi kuondoka. Mhakiki yeyote wa sanaa ya kisasa angeyatambua yote hayo, kwa sababu ndiyo anayoyasifu katika kazi za nje.

Mwaka 1970, mwaka uleule Klima alipochapisha, msanii Robert Smithson alijenga Spiral Jetty katika Ziwa Kuu la Chumvi, jimbo la Utah, Marekani. Ni tuta la mawe meusi na udongo, limejikunja kama pembe ya kondoo kuelekea majini, urefu wake ukiwa mita 460 hivi. Ziwa lilipojaa, tuta lilizama kwa takribani miaka thelathini, kisha maji yakapungua na likaonekana tena likiwa limejaa chumvi nyeupe. Aina hii huitwa sanaa ya ardhi. Spiral Jetty linatunzwa na taasisi ya sanaa, na mwaka 2017 Utah ililitangaza kuwa kazi rasmi ya sanaa ya jimbo. Mawe na udongo vilipata jina, jina likavuta mlezi, na mlezi akavuta sheria.

Kwenye nyanda za Basotu udongo haukupata bahati hiyo. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 Serikali ya Tanzania, kwa msaada wa Kanada, ilianzisha kilimo kikubwa cha ngano, na Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, likaja kuwa na mashamba saba yenye jumla ya ekari 100,000 hivi: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gawal, Gidagamowd, Warret. Nia ilikuwa mkate wa taifa, nami siidharau. Nchi changa ilitaka kujilisha. Lakini ardhi iliyochaguliwa ilikuwa ile ambayo Wabarabaig huiita muhajega, malisho bora kuliko yote, ambako mifugo huletwa kwa msimu na kuondolewa ili nyasi zipumzike. Mpimaji aliyekuja nyasi zikiwa zimepumzika aliona ardhi tupu. Katika lugha ya ofisi ikawa ardhi isiyotumika. Charles Lane, aliyechapisha mwaka 1996 utafiti wake juu ya malisho hayo yaliyopotea, anaeleza jinsi makaburi yalivyolimwa pamoja na malisho.

Makaburi yalilimwa. Kaa kidogo na kitenzi hiki. Masanamu tunajua yanavyoondolewa: hung'olewa. Kabla ya askari wa mwaka 1927 Dar es Salaam ilikuwa na sanamu la Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani. Waingereza waliling'oa, likapelekwa Ulaya, likasimikwa Hamburg mwaka 1922, na mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu wakaliangusha. Kung'olewa ni kukiri kwamba kitu kilikuwepo. Kuna mabishano, kamba, watu wanaotazama, na msingi mtupu unaobaki kuulizwa. Kulimwa hakuachi msingi. Trekta lilipita juu ya bung'eda kama lilivyopita juu ya kichuguu, kwa sababu kwa dereva na kwa ramani lilikuwa kichuguu. Lugha aliyofanyia kazi dereva ilikuwa na tuta, kilima, kichuguu na kaburi. Kaburi kwetu ni kitu cha urefu wa mtu aliyelala, chenye msalaba au mawe mawili, kichwani na miguuni. Tuta la udongo lililoota nyasi, peke yake uwandani, halikuwemo katika picha ya neno hilo.

Sisemi neno lingelisimamisha trekta. Nguvu zilizokuwa nyuma ya trekta zilikuwa kubwa. Nasema kwamba mtu aliyetaka kulalamika ofisini alihitaji kwanza neno ambalo karani angeliandika bila kuuliza maana yake, na neno hilo halikuwepo.

Jambo la maneno lilifika hata mahakamani. Wanakijiji wa Mulbadaw walishtaki, na mwaka 1984 Mahakama Kuu iliwapa haki. NAFCO ikakata rufaa, na Mahakama ya Rufani ikaibatilisha hukumu hiyo katika shauri linalopatikana kwenye taarifa za sheria za mwaka 1985. Miongoni mwa sababu ilikuwa kwamba wanakijiji hawakuthibitisha kuwa wao ni wazawa kwa maana iliyowekwa na sheria ya ardhi ya wakati huo. Watu wenye makaburi ya mababu kwenye shamba linalobishaniwa walitakiwa kuleta ushahidi kuwa ni wa hapo. Kama kungekuwa na neno moja linalojulikana mahakamani kwa ajili ya kitu kinachochukua miezi tisa kujengwa juu ya mwili wa babu wa mdai, ushahidi huo ungekuwa umesimama uwandani, unaoweza kutembelewa na hakimu.

Hapa ndipo naona udhaifu wetu, sisi wakusanya istilahi. Tuna kanuni nzuri: neno likikosekana, litafutwe kwanza ndani ya Kiswahili chenyewe, kisha katika lugha za Kibantu, kisha katika lugha nyingine za Afrika Mashariki, na ndipo ugenini. Kanuni hiyo imetupa matunda. Ikulu lilitoka kwa watawala wa Bara. Bunge lilitoka Bara pia. Kitivo cha chuo kikuu kilikuwa bonde la rutuba milimani Upare na Usambaa. Ngeli, neno tunalolitumia kupanga maneno yote mengine, wataalamu wanalihusisha na Kihaya. Lakini tazama: hatua ya pili imefanya kazi kubwa, na hatua ya tatu imeachwa ikae kimya. Kutoka kwa Wamaasai tumechukua morani na manyata, kwa kusukumwa zaidi na watalii. Kutoka kwa jamii za Mbulu na Hanang tumechukua majina ya mahali, na karibu basi.

Na moja zaidi, ambalo linanisikitisha. Kiswahili kilichukua Mang'ati. Hili si jina la Wadatoga kwa wenyewe. Ni neno la Kimaasai lenye maana ya maadui. Liliingia katika Kiswahili cha masoko na vituo vya polisi, likaingia ramani kama Uwanda wa Mang'ati, na mpaka leo wapo wanaolitamka bila kujua kuwa wanarudia ugomvi wa watu wengine. Tulikuwa tayari kuazima tusi walilopewa na jirani zao. Jina la kitu walichokijenga kwa heshima kuu hatukuliazima.

Mbulu na Hanang ni mahali ambapo jambo hili lingeweza kusahihishwa kwa urahisi kuliko penginepo. Hanang yenyewe zamani ilikuwa sehemu ya Mbulu, na wilaya hizi, pamoja na majirani zao wa Singida na Karatu, zina watu wa familia nne za lugha za Afrika: Wairaqw wenye lugha ya Kikushi, Wadatoga wa Kiniloti, Wahadzabe wa bonde la Yaeda wenye lugha ya vidoko, na Wanyiramba na Waisanzu wa Kibantu. Kule Haydom kuna kituo cha utamaduni kilichopewa jina la pembe nne, yaani familia hizo nne za lugha, ambako nyumba za jamii hizo zimejengwa uwanjani ili mgeni apite kutoka moja hadi nyingine. Nikiitazama nyumba ya Kiiraqw ya zamani, iliyochimbwa ubavuni mwa kilima mpaka paa lake likalingana na ardhi, nafikiria lile shimo la Mkunazini: hapa pia jengo linashuka badala ya kupanda, na aliyekuja kwa vita angeweza kupita juu yake bila kujua. Katika uwanja mmoja kuna mambo matatu au manne ambayo istilahi zetu za sanaa na ujenzi hazijayagusa. Kwa Kiiraqw kazi ya msingi imefanyika. Profesa Martha Qorro, mwenyewe Mwiraqw na wakati huo mwalimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alitoa pamoja na Maarten Mous na Roland Kießling kamusi ya lugha hiyo mwaka 2002. Mkusanya istilahi ana pa kuanzia.

Kiiraqw kina sauti ambazo kinywa cha Mswahili hukwama nazo, na kukopa humo kutadai maelewano juu ya tahajia. Bung'eda halina tatizo hilo. Ng' tunayo, tumeikamua kila asubuhi katika ng'ombe. Mwisho wa irabu tunao. Wengine huliandika bung'ed, bila irabu ya mwisho. Kidatoga kinaruhusu maumbo mawili, na Kiswahili kitachagua lile lenye a, kama kilivyozoea.

Je, bung'eda ndilo liwe jina la sanaa kubwa za nje? Kuna mvuto mkubwa wa kusema ndiyo. Lingekuwa neno letu, la Afrika Mashariki, lenye uzito, kwa kitu ambacho makumbusho ya dunia yanakitafutia jina. Nimelipima na nalikataa. Bung'eda lina mtu ndani yake. Kulitandaza juu ya mabamba ya chuma na mitumbwi ya shaba ni kumtoa mzee kaburini ili jina lake lifanye kazi ya tikiti ya maonyesho. Kuna tofauti nyingine inayonifanya nisimame imara. Kazi ya makumbusho huzinduliwa, huonyeshwa, na mara nyingi huondolewa. Ile ya Storm King ilikuwa na tarehe ya kufungua na ya kufunga. Bung'eda haliondolewi wala halihamishwi, wala mtu hawezi kulinunua. Hata wajenzi wake hawaliiti kazi ya sanaa. Nisingependa Kiswahili kiwafundishe kwamba lilikuwa sanaa wakati wote nao hawakujua.

Basi yawe maneno mawili, kila moja na nyumba yake. Nimeyaandika kwa umbo la kamusi, ili anayetaka kubishana abishane na kitu kilichokwisha kuwa wazi:

simiko nm ma- [li-/ya-] kazi ya sanaa iliyosimikwa au kupangwa mahali maalumu, hasa nje, ili watazamaji waizunguke, waiingie au watembee ndani yake: Makumbusho yamezindua simiko la chuma kwenye bustani.

bung'eda nm ma- [li-/ya-] kaburi la tuta refu la udongo linalojengwa na Wadatoga kwa awamu, kwa miezi, kwa ajili ya mzee anayeheshimiwa, na kukamilishwa kwa mkusanyiko wa ukoo na majirani: Mpaka wa shamba ulisogezwa ili kulinda bung'eda.

Mfano wa pili nimeuweka kwa makusudi. Kamusi hufundisha kwa mifano yake kuliko inavyofundisha kwa fasili, na mtoto wa shule ya Katesh au Dongobesh atakayelisoma neno hili atalikuta tayari limekaa katika sentensi ambamo mpaka ndio uliosogea.

Nimeliweka bung'eda katika li-/ya- baada ya kusitasita. Maneno mageni kwa kawaida huingia i-/zi- na kukaa humo kwa amani, na mhariri mwangalifu angeniambia nifuate kawaida. Lakini wasemaji hawatalifuata. Wameshaonyesha kwa sanamu kwamba kikishakuwa kikubwa na cha kustahiwa wanakihamisha. Pia kuna jambo la wingi. Nikisema bung'eda zimelimwa, msikilizaji hajui kama ni moja au nyingi mpaka afike kwenye kitenzi. Mabung'eda yamelimwa inatamka hasara tangu herufi ya kwanza.

Litakaa, kwa mpangilio wa alfabeti, jirani kabisa na bunge. Hilo nalo lilikuwa neno la watu wa Bara waliokutana kuamua mambo yao, nasi leo tunalitamka bila kukumbuka kuwa liliazimwa. Kwa wachapaji nina ombi moja. Ritifaa baada ya ng isidondoke. Wapo wanaoidondosha kwa haraka, na mashine nyingine huigeuza ikaelekea upande usio wake. Bila alama hiyo neno linakuwa bungeda, ambalo Mdatoga hatalitambua na Mswahili atalisoma vibaya. Iandikwe ng', kama kwenye ng'ombe, kuanzia toleo la kwanza.